Moto wa Rangi ya Dhahabu

Nyakuron, Juba
3 Juni 2009

Kwa Karani wa Mauzo,
Duka la Majiko na Vifaa vya Gesi,
Eldoret.

Bibi mheshimiwa,

YAH: LALAMIKO KUHUSU HITA YA GESI YA KUPASHIA MAJI YA KUOGA, ILIYONUNULIWA DUKANI KWENU MWEZI WA FEBRUARI

Kwa heshima na taadhima naomba kulileta mbele yako shauri lililotajwa hapo juu.

Mimi ni Malual, mwandishi wa maombi. Meza yangu iko mbele ya ofisi ya ardhi hapa Juba, ambapo huwaandikia ndugu zetu waliorejea kutoka uhamishoni maombi yao ya viwanja. Natambua kwamba wewe ni rafiki wa mke wangu Achai tangu mlipokuwa mkiimba kwaya moja huko Eldoret, na kwamba kwa desturi ningepaswa kukuita shemeji. Hata hivyo, shauri hili ni la kiofisi, nami sipendi kuchanganya undugu na utaratibu.

Chanzo cha shauri ni hiki. Baada ya Mkataba wa Amani kutiwa sahihi, na baada ya mimi kuona kwamba wakati wa kurudi nyumbani umewadia, mke wangu alikubali kuiacha Eldoret kwa sharti moja tu: awe na maji ya moto ya kuoga kila asubuhi, kama alivyozoea kwenye baridi ya huko. Majirani walicheka. Mama Abang, tunayepakana naye ua, aliuliza ni mtu gani apashaye maji katika mji ambao jua limekwisha kuyapasha. Lakini jua hupasha mchana. Alfajiri maji ya tangi huwa baridi, na ahadi yangu ilikuwa ya asubuhi. Kwa hiyo nilinunua hita yenu, nikaifunga kwa mikono yangu mwenyewe ukutani mwa bafu lililo ndani ya nyumba, karibu na chumba cha kulala, baada ya kukisoma kijitabu chake chote isipokuwa kurasa zilizoandikwa Kichina.

Lalamiko langu ni masizi. Ukuta ulio juu ya hita, ambao niliupaka rangi nyeupe, umekuwa mweusi. Niliupaka upya, ukawa mweusi tena.

Ili usije ukadai kwamba uchafu huo unatoka nje, naomba ieleweke kwamba haiwezekani. Tangu mvua zianze, na tangu Achai augue malaria mwezi wa Aprili, niliapa kwamba hakuna mbu atakayemgusa tena akiwa na mimba ya mtoto wangu. Nimeziba matundu yote mawili ya hewa ya bafu, la juu na la chini, kwa nailoni na gundi, nimeziba dirisha, na chini ya mlango nimepigilia ukanda wa mpira. Hata vumbi la barabara haliingii. Kwa mantiki hiyo, masizi yanatoka kwenye hita yenu na si penginepo.

Kuhusu moto wenyewe sina neno. Mwanzoni ulikuwa wa buluu, mfupi na mnyonge, lakini kadiri ulivyotumika umekomaa, nao sasa ni mrefu, wa rangi ya dhahabu, wa kupendeza kama mshumaa wa altare.

Naomba duka lieleze kwa maandishi sababu ya masizi hayo, na njia ya kuyaondoa.

Mke wangu hajambo, isipokuwa malaria ndogo isiyokwisha, ambayo haihusiani na shauri hili.

Wako mtiifu,
Malual
Mwandishi wa Maombi


Nyakuron
3 Juni

Vale wangu,

Hii nimempa konda wa basi mkononi, Malual asijue. Yake iko kwenye ile bahasha kubwa yenye mistari iliyopigwa kwa rula. Usimcheke. Haya, mcheke kidogo. Juzi alitaka kuniomba chumvi mezani akaanza na "kwa kuwa".

Vale, mimi ni mgonjwa. Kila siku kichwa kinanigonga kama kuna mtu ndani anatwanga. Natapika, na si ile ya mimba, ile ilishaisha. Miguu haina nguvu. Kila mtu hapa ana jibu moja. Mama Abang akiniona tu anasema, "Malaria bas, mwanangu, malesh," yaani pole. Kliniki wamenitoa damu, hawakuona kitu, wakasema labda imejificha, wakanipa dawa hivyo hivyo. Nimemeza hadi masikio yanalia.

Lakini nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumapili nikiwa kanisani, sina kitu. Nikishinda uani kwa Mama Abang nikichambua mboga, sina kitu, nacheka kama zamani. Nikirudi nyumbani, nikioga na kuloweka miguu yangu iliyovimba, inaanza. Wiki iliyopita nilianguka huko bafuni. Malual nilimwambia nimeteleza kwa sabuni.

Ni hii nyumba, Vale. Hainitaki. Niliondoka nchi hii nikiwa mgongoni mwa mama, nimekuwa mkubwa kwa ugali na baridi ya kwenu, na sasa nimerudi nikijifanya wa hapa. Labda mahali hujua.

Nimeshapanga sanduku. Liko chini ya kitanda, upande wa ukuta. Muulize mama yako kama kile chumba cha nyuma bado kiko wazi. Nitazalia huko. Malual nitamwambia nikishavuka mpaka pale Nimule, kwa sababu nikimwambia hapa nitamwangalia uso na sitaenda. Kila jioni akirudi ananiuliza, "Maji yalikuwaje?" kana kwamba ni yeye aliyechimba Mto Nile. Namwambia yalikuwa mazuri. Nitasema nini?

Usimwambie. Nakuomba kwa jina la kwaya yote.

Wako,
Achai


DUKA LA MAJIKO NA VIFAA VYA GESI, ELDORET
Ofisi ya Mauzo
6 Juni 2009

ILANI YA DHARURA
Kwa Bwana Malual, Mwandishi wa Maombi, Juba

Lalamiko lako la tarehe 3 Juni limepokewa na kusomwa na ofisi hii ikiwa imesimama, kwa sababu mwenye kulisoma alishindwa kuketi.

Kwa mamlaka ya ofisi hii unaagizwa kutekeleza yafuatayo mara tu uisomapo ilani, bila kuandika jibu, bila kukata rufaa, na bila kumaliza ombi lolote lililo mezani kwako wakati huu.

Unaagizwa uende nyumbani mbio. Umtoe mkeo nje, kwenye hewa. Kisha uifunge gesi kwenye mtungi wenyewe, si kwenye hita peke yake, na uyazibue matundu yote uliyoyaziba. Hita isiwashwe tena hadi itakapokaguliwa. Mkeo apelekwe hospitali, na daktari aambiwe kwa maneno haya haya: amekuwa akivuta moshi wa gesi usioonekana, katika chumba kisichopitisha hewa, naye ni mjamzito.

Sababu ni hii. Moto wa dhahabu ulioutaja si moto uliokomaa. Ni moto unaokosa pumzi. Moto mzima wa gesi ni wa buluu. Ukikosa hewa huwa wa manjano, huacha masizi, na hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta huumwa kichwa, hutapika, huishiwa nguvu, na kila mtu humwambia ana malaria. Asipotolewa, hulala asiamke.

Tangu jana nimepiga simu zenu zote mbili. Hazipatikani. Kwa hiyo ilani hii inaletwa kwa mkono na Marvin, konda wa basi la Juba, ambaye ameagizwa asiondoke mezani kwako hadi uisome kwa sauti na kutia sahihi. Nimeipiga muhuri mara mbili ili usiwe na shaka.

Valary
Karani wa Mauzo

Bahasha ya ndani, iliyofungwa, ni ya Bi. Achai peke yake.


(Iliyofungwa)

Achai,

Usisome haya ukiwa ndani. Toka kwanza, ukae uani kwa Mama Abang, ndipo uendelee.

Umetoka? Sasa nisikilize. Nimeweka barua zenu mbili juu ya kaunta, moja kando ya nyingine, nikazisoma pamoja. Yeye anaandika kuhusu ukuta mweusi na anasema ugonjwa wako hauhusiani. Wewe unaandika kuhusu kichwa na wala hutaji hita. Mko nyumba moja na hakuna aliyemwambia mwenzake nusu yake. Si nyumba inayokukataa, rafiki yangu, wala si nchi. Ni hewa. Malual ameiziba yote ili mbu wasikufikie.

Ulichoniomba sijakisema kwa yeyote. Chumba cha nyuma kiko wazi, mama anasema karibu hata kesho. Lakini kwanza upone, ndipo uamue ukiwa na kichwa chako mwenyewe.

Vale


Juba
11 Juni 2009

Kwa Karani wa Mauzo,
Eldoret.

Bibi mheshimiwa,

YAH: UTEKELEZAJI WA ILANI YA DHARURA

Naomba kutoa taarifa kama ifuatavyo.

Konda Marvin alifika mezani kwangu tarehe 8 Juni, kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nikimwandikia mzee Kenyi ombi la kiwanja, nami nilikuwa nimefika kwenye maneno "kwa unyenyekevu mkubwa". Ombi hilo limeishia hapo hadi leo. Nilimweleza konda kwamba wateja hupanga foleni. Alijibu mbele ya foleni yote: "Mzee, huyo dada wa Eldoret ameniambia usiposoma sasa nikusomee mimi kwa kipaza sauti cha basi." Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, kama ulivyoagiza, mpaka kwenye moto unaokosa pumzi. Sikumbuki kutia sahihi, ingawa konda anasema nilitia, kwenye karatasi ya mzee Kenyi.

Nilipanda boda. Nilipofika nyumbani nilisikia maji yakimwagika bafuni. Niliita. Nilibisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, nikabisha tena. Bibi mheshimiwa, nilisimama pale nikibisha kwa adabu mlango wa nyumba yangu. Sijui ni kwa muda gani. Kisha niliuvunja.

Mlango ulikuwa mgumu kwa sababu ya mpira nilioupigilia chini yake.

Alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, miguu ndani ya beseni. Macho yalikuwa wazi. Alinitazama kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Hita ilikuwa ikiwaka juu ya kichwa chake kwa ile rangi niliyokuandikia kuwa ni ya kupendeza.

Nilimbeba hadi uani. Mama Abang alimpokea, akamweka kivulini na kumpepea kwa sinia, akisema malesh, malesh, naye safari hii hakuitaja malaria. Nilirudi nikafunga mtungi. Matundu niliyazibua kwa kucha, na lile la juu kwa meno, kwa kuwa niliibandika nailoni ile vizuri sana.

Hospitalini nilimwambia daktari maneno yako kama yalivyo. Walimvalisha kifuniko cha oksijeni usoni, wakamlaza. Sikuwa na la kuandika wala pa kuandikia. Mkunga alikuja na kifaa chake, akakiweka tumboni, kisha akaniashiria nisogee na kunipa nisikilize mwenyewe. Moyo wa mtoto ulikuwa ukikimbia kama mtu aliyechelewa basi, nao unapaswa kuwa hivyo, alisema.

Jioni Achai alikiondoa kifuniko, akanitazama, mara hii akinifahamu. Alisema, "Malual, leo umekuja bila kuandika?"

Yuko salama. Mtoto pia. Daktari anataka kumwona kila wiki hadi atakapojifungua.

Bahasha iliyofungwa nilimkabidhi siku iliyofuata. Sikuifungua.

Naomba kuliondoa lalamiko langu la tarehe 3 Juni lote, pamoja na maelezo yake ya mantiki. Lipo swali moja ambalo nimelijaribu mara nyingi na sijapata namna ya kulipanga. Kila kitu nilichokifanya katika bafu lile nilikifanya ili asiugue. Je, mtu aandikeje baada ya hapo?

Shemeji, asante.

Malual


Eldoret
15 Juni 2009

Shemeji Malual,

Kwa kuwa umeniita hivyo mwenyewe, sasa naandika kama shemeji na muhuri nimeufungia kabatini.

Nimelia, kisha nikawasomea wenzangu dukani ile sehemu ya mzee Kenyi, tukacheka, kisha nikalia tena. Tafadhali mmalizie mzee ombi lake.

Swali lako nimelisoma. Nina jibu la hita tu. Ulifikiri hita ni kama taa, ukiwasha inafanya kazi yake peke yake. Hita ni kama mtu mwingine ndani ya nyumba. Inavuta hewa na inatoa pumzi, na pumzi yake si ya kuvutwa na binadamu. Ile uliyoinunua ni ndogo, haina bomba la kutolea moshi. Hapa tunawaambia watu waifunge nje, na ninaamini hilo limo kwenye kijitabu chako. Kama liliandikwa kwenye kurasa za Kichina peke yake, basi ni mimi niliyepaswa kukuambia kwa mdomo siku ile, badala ya kuangalia ulivyokuwa ukisoma kwa bidii nikadhani inatosha.

Huko mtaa wa Hai Amarat yuko fundi anayeitwa Albino, anazifungia hoteli majiko ya gesi. Mwite. Aihamishie hita ukuta wa nje, nyuma ya nyumba, chini ya kipande cha bati ili isinyeshewe, na maji ya moto yaingie bafuni kwa bomba. Mtungi nao ukae nje, wima, mahali jua haliupigi. Mwombe aifungue hita na kuvisafisha vile vitundu vya moto, maana vumbi la Juba na wadudu hujenga humo kama wamepewa kiwanja. Mpira wa gesi mwangalie kama ameuweka mpya na ameubana sawasawa. Kisha chukua povu la sabuni, upake kila kiungio, ufungue gesi. Povu likichemka, panavuja. Usijaribu hata siku moja kuangalia kwa kiberiti, hata kama fundi ndiye anayekupa. Na ukisikia harufu ya gesi, usiwashe taa wala moto: funga mtungi, fungua milango, toka.

Baada ya hapo kazi ni yako, na ni ndogo. Kila ukiwasha, angalia moto. Ukiwa wa buluu, sawa. Ukianza kuwa wa manjano, zima na umwite fundi, hata kama ni siku ya sikukuu. Fundi aikague kila mwaka hata kama hakuna shida. Kwa vumbi lenu, hata kabla ya mwaka. Matundu ya bafu yaache wazi hata hita ikiwa nje. Kama unaogopa mbu, weka wavu wa chuma, na uusugue vumbi lisiuzibe. Na chandarua, shemeji, ni cha kitanda. Si cha nyumba nzima.

La mwisho halihusu gesi. Mwulize Achai anataka nini. Mwulize kwa namna yoyote unayoweza, lakini mwulize.

Valary


Nyakuron
24 Juni

Vale,

Kichwa kimeondoka. Nilikuwa nimesahau mtu anavyojisikia bila kichwa kuuma. Asubuhi nilikaa kitandani nikikisubiri kama mgeni aliyesema atakuja. Hakikuja. Nimekula kisra, ile mikate yao myembamba, na bamia kwa Mama Abang mpaka akaogopa.

Albino alikuja na ngazi, na mdomo. Anamwita Malual "Ustadhi", yaani msomi. Anapiga nyundo mara moja, Malual anamsomea barua yako. Mwishowe akasema, "Ustadhi, ama nifunge hita ama unifunge mimi mdomo, chagua." Sasa iko nje, chini ya bati lake kama mbwa mlinzi. Kila asubuhi Malual anatoka nyuma, anawasha, anainama mikono ikiwa mgongoni, anautazama moto kwa muda mrefu. Mama Abang ameuliza kama ni dini mpya.

Lakini sikia, nikuambie ukweli. Sanduku sijalifungua.

Nilipokuwa mgonjwa ilikuwa rahisi: Juba inaniua, naenda. Sasa Juba haikuniua. Ni kijimji tu cha matope na jenereta, na watu wanaoniuliza ukoo wangu kwa Kiarabu nisichokijua vizuri. Nikienda sasa, nitakuwa nimeenda kwa sababu nimetaka. Na nikikaa vilevile.

Yeye haulizi kitu. Tangu hospitali haniulizi hata habari ya maji. Nadhani ananiogopa. Mimi nami namwogopa, basi tunapeana chai.

Mwambie mama yako aniwekee chumba kwa muda kidogo tu. Nitakujibu.

Achai


Sebuleni, Nyakuron
28 Juni 2009

Kwa Bi. Achai,
Chumba cha kulala,
nyumba hii hii.

Mpendwa na mheshimiwa,

YAH: OMBI

Mwombaji ni Malual, mume wako. Anaomba radhi kwa kutumia karatasi mahali ambapo mwanamume mwingine angetumia mdomo. Amejaribu mdomo mara kadhaa wiki hii, mara ya mwisho jana wakati wa chai, na ulichokisikia kilikuwa ni kuuliza kama kuna sukari.

Siku ile fundi Albino alipotaka kutoboa ukuta wa chumba cha kulala kupitisha bomba, tulikisogeza kitanda. Tulikuta sanduku. Fundi aliuliza, "Mama anasafiri?" Nilimjibu kwamba jambo hilo liko chini ya mamlaka nyingine. Nililinyanyua ili kulisogeza, nikaona ni zito, nikajua si la safari ya siku chache. Sikulifungua. Nililirudisha upande wa ukuta, kama lilivyokuwa, na kitanda juu yake.

Tangu hapo nimekuwa nikisubiri uniambie. Leo nimeona kwamba hukuniambia kwa sababu sikuwahi kukuuliza. Kila jioni nilikuuliza habari za maji. Sikukuuliza habari za kichwa. Ukisema yalikuwa mazuri, nililala nikiwa nimeridhika kwamba ahadi imetimizwa. Nilikuwa naitunza ahadi, Achai; sikuwa nakutunza wewe, nami nilidhani ni kitu kimoja.

Kwa hiyo ombi la mwombaji ni hili: usiende.

Anatambua kwamba hana haki ya kulidai. Ukiamua kwenda, atalibeba sanduku mwenyewe hadi kwenye basi, atamwagiza Marvin akupe kiti cha mbele, na atakuja Eldoret mtoto akizaliwa, bila karatasi yoyote mkononi. Ukiamua kukaa, hana la kukuahidi kuhusu Juba. Hawezi kuahidi kwamba matope yatakauka, au kwamba watu wataacha kukuuliza ukoo wako. Anaweza kuahidi tu kwamba kila asubuhi atautazama moto kabla yako, na kila jioni atakuuliza habari zako wewe, na atangoja jibu la kweli hata likiwa refu.

Mwombaji yuko nyuma ya mlango.

Malual


UAMUZI

Ombi limesomwa. Limesomwa mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza msomaji alikuwa analia.

Limekubaliwa, kwa masharti. Asubuhi ukiutazama moto, usinyamaze huko nyuma kama mtu aliye kanisani: niite, useme "buluu," nisikie nikiwa ndani. Siku usiposema, nitaoga maji ya tangi, na wewe utayaoga pamoja nami, alfajiri, tuone nani atalalamika kwa maandishi. Dirisha la bafu likae wazi. Mbu ni shauri la chandarua, na chandarua utakifunga wewe kila jioni. Nikisema kichwa kinaniuma, weka kalamu chini. Kiarabu cha hapa utanifundisha, lakini utaanza na matusi, ili nijue Mama Abang ananiambia nini. Mtoto atazaliwa hapa. Vale nitamwandikia mwenyewe kwamba mama yake anaweza kukipangisha chumba.

Sanduku lifungue wewe, umeruhusiwa. Juu kabisa kuna blanketi la mtoto nililolifuma nikiwa na kichwa kibovu, kwa hiyo usiseme chochote kuhusu kona zake. Litoe hilo kwanza, uliweke kwenye hewa.

Sina muhuri. Hiyo alama ya mviringo hapo chini ni ya kikombe cha chai yako, ambayo inapoa huku umesimama nyuma ya mlango ukidhani sivioni viatu vyako.

Achai